Injini ya 4K inatetemeka na kuzima kwenye sailensa baada ya kabureta kufanyiwa ripea

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada wa mafundi na wote wanaozielewa injini za kabureta. Nina Toyota Corolla KE70 yenye injini ya 4K ya cc 1290. Kabureta yake ilikuwa inavuja petroli kwenye kioo cha kuangalizia kiwango cha floti (boya linalodhibiti petroli ndani ya kabureta) na ulaji wa mafuta ulikuwa umepanda, hivyo nikanunua pakiti ya ripea Gerezani, na fundi akaifungua kabureta yote, akaiosha, akabadilisha gasketi, sindano na kiti chake, pamoja na kipira cha pampu ya eksileta.

Uvujaji umekwisha. Asubuhi gari linawaka vizuri choki ikiwa imevutwa, na barabarani, kuanzia mizunguko kama 1,500 kwa dakika kwenda juu, linavuta bila malalamiko. Tatizo linakuja kwenye sailensa, yaani gari likiwa limesimama na eksileta imeachiwa. Injini ikishapata moto na choki ikarudishwa, inatetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza, na kwenye foleni nikiachia eksileta inazima. Nikivuta choki kidogo, inatulia. Skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa nimeizungusha ndani mpaka ikagota na nje mpaka ikakaribia kutoka, lakini sikuona tofauti yoyote. Fundi ameibana skrubu ya kipepeo (kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa) mpaka injini inakaa kwenye 1,100, na ananiambia hapo ndipo mwisho wa matengenezo, nikubali hivyo au ninunue kabureta nyingine ya mtumba. Kabla sijatoa hela naomba kujua kama kuna jambo ambalo halijaangaliwa.

Fundi, Mbeya

Mkuu, pole. Usinunue kabureta bado, kwa sababu umeandika mambo mawili yanayosaidia sana: kwamba injini inatulia choki ikivutwa kidogo, na kwamba skrubu ya mchanganyiko haifanyi kitu. Choki hupunguza hewa na kuongeza petroli. Injini iliyokwisha kupata moto ikipata nafuu kwa choki, maana yake inakosa petroli au inaingiziwa hewa ya ziada mahali fulani. Ingekuwa inazidiwa na petroli, choki hiyo hiyo ingeizima.

Ili tuelewane, tufuate njia ya petroli ya sailensa. Kipepeo kinapokuwa kimefungwa, hewa inayopita kwenye koo la kabureta ni kidogo mno kuweza kuvuta petroli kutoka kwenye pua kuu, kwa hiyo injini inategemea njia ya pembeni. Petroli inatoka kwenye bakuli la floti, inapita jeti kuu, inaingia kwenye jeti ndogo ya sailensa ambayo tundu lake ni la karibu nusu milimita tu, inachanganyika na hewa inayoingia kwenye kitundu kilicho juu, kisha inashuka kupitia solenoidi ya kukata mafuta na kutokea chini ya kipepeo, mahali ambapo ncha ya skrubu ya mchanganyiko inaibana au kuiachia. Karibu kabisa na ukingo wa kipepeo, kwa juu, kuna mpasuko mwingine wa njia hiyo hiyo ambao huanza kutoa petroli kipepeo kinapoanza kufunguka, ili injini isijikwae kabla pua kuu haijashika kazi.

Skrubu ya kipepeo ilipobanwa mpaka 1,100, kipepeo kilifunguka kupita kiwango chake cha sailensa, na sasa injini inajipatia petroli kwenye mpasuko na pengine kwenye pua kuu. Ndiyo maana unaweza kuizungusha skrubu ya mchanganyiko siku nzima bila jibu: ama petroli haipiti tena pale, ama hewa inayoingia kwingine ni nyingi kiasi kwamba kile kinachopimwa na skrubu hakionekani. Ninalisisitiza hili kwa kila anayeniletea gari la kabureta. Skrubu hizi mbili ni za kumalizia kazi iliyo sahihi. Anayezitumia kutafuta tatizo hulificha, na anayekuja baada yake hana tena mahali pa kuanzia.

Anza na solenoidi, kwa sababu kipimo chake hakihitaji kifaa chochote. Ni kile kipande kama bolti chenye waya, kilichofungwa ubavuni mwa kabureta. Injini ikiwa imezimwa, washa ufunguo, kisha chomoa waya na kuugusisha tena. Lazima usikie mlio mdogo wa «tik» kila unapougusisha. Usiposikia, angalia kwa taa ya majaribio kama umeme wa volti 12 unafika. Baada ya hapo washa injini, iache ipate moto, na uchomoe waya huo ikiwa kwenye sailensa. Injini yenye afya inazima papo hapo. Ikiendelea kuzunguka kama vile hakuna kilichotokea, basi haiendeshwi na njia ya sailensa, na umeshajua tatizo liko upande gani.

Kisha tafuta hewa ya wizi. Wengi hupulizia dawa ya kusafishia kabureta au petroli kuzunguka kitako cha kabureta na kusikiliza kama mizunguko inapanda. Kipimo hicho kinafanya kazi, lakini kwenye injini za K manifoldi ya kutolea moshi iko upande uleule na ile ya kuingizia, chini yake kabisa, na nimewahi kuona moto ukianzia hapo. Tumia maji kwenye chupa ya kupulizia, kidogo kidogo, na uepuke distribyuta na nyaya za plagi. Panapovuja patayanyonya maji, na mlio wa injini utabadilika. Pulizia gasketi ya kitako, kile kipande cheusi cha kuzuia joto kilicho chini ya kabureta, maungio ya manifoldi na hedi, na ncha zote mbili za mhimili wa kipepeo. Halafu minya kwa koleo, ukitanguliza kitambaa, mpira mnene unaokwenda kwenye busta ya breki. Injini ikitulia ukiwa umeuminya, mkosaji ni busta na kabureta haihusiki.

Usiisahau mipira midogo. Kabureta ikitolewa na kurudishwa, mipira ya vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) hurudishwa mahali pasipo pake mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mpira wa distribyuta ukichomekwa kwenye vakyumu ya manifoldi badala ya tundu lake lililo juu ya kipepeo, taimingi (wakati wa cheche za plagi) inasogea mbele gari likiwa limesimama, sailensa inapanda, na fundi anarudi tena kwenye skrubu. Leta majibu ya vipimo hivi kabla hujafungua kitu.

Mwenye Land Rover, Arusha

Ninaunga mkono, hasa hilo la kutonunua kabureta nyingine. Mimi ninatumia Land Rover Series III ya petroli, injini ya cc 2286 yenye kabureta ya Zenith 36 IV. Baada ya kufungwa upya ilikataa kabisa sailensa, na skrubu ya mchanganyiko haikuwa na kazi, kama ilivyo kwako. Kilichogundulika ni kwamba uso wa mfuniko wa juu ulikuwa umepinda. Kabureta hizi zinajulikana kwa tabia hiyo, kwa sababu watu hukaza skrubu za mfuniko kupita kiasi na joto la injini linamalizia. Ukiweka rula ya chuma juu ya uso wa kukutania, unaona mwanga katikati. Tuliusawazisha kwa msasa laini uliotandikwa juu ya kipande cha kioo, tukaweka pete mpya ya mpira ndani yake, na hali ikabadilika kabisa. Mkuu, hata kama kabureta yako ni ya Aisan, ile ya Toyota, mtu akiifungua aweke rula juu ya nyuso zote kabla ya kuweka gasketi.

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Ahsanteni sana. Nimefanya vipimo nikiwa na kijana anayejua injini. Solenoidi inalia «tik» na umeme unafika. Lakini injini ikiwa kwenye ile 1,100, nikichomoa waya wake hakuna kinachotokea zaidi ya kushuka kidogo sana, kiasi kwamba mtu asiyesikiliza kwa makini asingegundua. Maji tumepulizia kila mahali ulipotaja na mlio haukubadilika, ila kwenye ncha moja ya mhimili wa kipepeo nilihisi mabadiliko madogo. Mpira wa busta niliuminya na hali ikabaki ileile. Mpira wa distribyuta umechomekwa juu ya kipepeo, na ukiunyonya kwa mdomo upande wa distribyuta unashika, hauachii.

Fundi, Mbeya

Kazi nzuri. Sasa tunajua kwamba umeme wa solenoidi upo, hewa ya wizi ni ndogo, na njia ya sailensa haipitishi petroli ya kutosha. Yale mabadiliko kwenye mhimili ni uchakavu wa kawaida wa kabureta ya umri huo. Pakiti ya ripea haiuondoi, na kwa kiasi ulichoeleza hauwezi peke yake kuizima injini. Kabureta ifunguliwe mfuniko. Si lazima iondolewe kwenye manifoldi kwa hatua hii, lakini ondoa waya wa betri kwanza, na usifanye kazi hiyo karibu na mtu anayevuta sigara.

Gasketi ya mfuniko ndiyo ninayoishuku zaidi ya kitu kingine chochote. Pakiti hizi hutengenezwa zitoshee kabureta za aina kadhaa zinazofanana, kwa hiyo ndani yake unakuta gasketi mbili au tatu ambazo kwa macho ya haraka ni moja. Zinatofautiana kwa kitundu kimoja au kwa ulimi mdogo wa karatasi. Ukiweka isiyo yake, kabureta inafungika vizuri, haivuji nje, na njia nzima ya ndani inakuwa imezibwa. Usiilinganishe gasketi mpya na ya zamani iliyochanika. Iweke juu ya bakuli, kisha ukague kila tundu la chuma lililo chini yake: kila tundu linalokutana na tundu la mfuniko lazima lionekane lote. Halafu igeuze na kuiweka upande wa mfuniko, ukague vilevile.

Jeti ya sailensa itoe na kuitazama kwenye mwanga. Lazima uone nukta ya duara, safi. Isafishe kwa dawa na upepo wa kompresa, na kama kuna kitu kimeganda, tumia uzi mwembamba wa mshipi wa kuvulia samaki. Kamwe usipitishe waya wa chuma. Shaba ya jeti ni laini, na tundu la nusu milimita likikwaruzwa kidogo tu, kipimo chake kimeharibika moja kwa moja. Pulizia upepo pia kwenye kitundu cha hewa na kwenye njia inayoshuka kwenda kwenye skrubu ya mchanganyiko ukiwa umeitoa skrubu hiyo, na uhakikishe dawa inatokea chini ya kipepeo kama mchirizi. Kabla ya kuitoa, izungushe ndani taratibu mpaka iguse huku ukihesabu mizunguko, uandike. Ikaze kwa vidole viwili tu. Skrubu iliyokandamizwa inapata mfereji kwenye ncha yake na kuharibu kitako chake, na baada ya hapo hairekebishiki vizuri tena.

Ukikuta silikoni ndani, yaani ile gundi ya gasketi inayopakwa kwenye sampu (chombo cha oili chini ya injini), ikwangue yote. Petroli huilainisha, vipande vinameguka na kwenda moja kwa moja kwenye jeti. Kabureta inahitaji gasketi kavu na nyuso zilizonyooka, basi.

Angalia pia kipepeo cha pili. Kabureta hii ina makoo mawili, na kipepeo cha koo la pili kinatakiwa kiwe kimefungwa kabisa kwenye sailensa. Kikiwa kimekwama hata kwa unene wa karatasi, hewa inapita pale bila petroli yoyote. Usifungue zile skrubu ndogo zinazoshika vipepeo kwenye mhimili. Kiwandani zimepigwa ncha ili zisilegee, na ikilegea moja ikaanguka, inaishia juu ya pistoni.

Mwenye Datsun, Nairobi

Wadau, hamjambo? Naomba kuuliza hapa hapa kwa kuwa jambo lenyewe ni la jamii moja. Nina pikapu ya Datsun 1200, injini ya A12. Yangu ilifanyiwa ripea na shida yake ni kinyume cha hii: sailensa ni mbovu, kuna moshi mweusi na harufu kali ya petroli, na plagi zinatoka nyeusi kama masizi. Choki ikiguswa tu, inazima. Wakati wa ripea tulibadilisha pia pampu ya mafuta, tukaweka ya umeme iliyotolewa kwenye gari la injeksheni.

Fundi, Mbeya

Ndugu yangu, jibu umeshaliandika kwenye sentensi yako ya mwisho. Pampu ya injini ya kabureta hutoa shinikizo la takriban psi (pauni kwa inchi ya mraba) 3 hadi 5. Ile ya injeksheni imeundwa kwa zaidi ya psi 35. Hakuna sindano ya floti inayoweza kulizuia shinikizo hilo; petroli inaisukuma, bakuli linajaa kupita kipimo, na pua kuu inadondosha petroli hata kipepeo kikiwa kimefungwa. Mbali na sailensa mbovu, petroli inayozidi huosha mafuta kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye sampu. Vuta kijiti cha oili unuse. Kama kinanuka petroli, badilisha oili kabla ya safari nyingine yoyote. Rudisha pampu ya aina ya asili, au tafuta ya umeme iliyotengenezwa kwa ajili ya kabureta.

Ukishafanya hivyo, tazama kiwango kwenye kile kioo cha bakuli injini ikiwa sailensa na gari likiwa mahali tambarare. Petroli isimame kwenye alama. Ikiwa juu bado, toa floti uitikise karibu na sikio. Ikisikika petroli ndani, imetoboka. Ya shaba unaweza kuizamisha kwenye maji ya moto uone mapovu yanapotokea.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sote tunaoishi nyanda za juu. Nairobi na Mbeya ziko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Kabureta haijui hilo; inaendelea kutoa petroli kwa vipimo vya jeti zake, hivyo mchanganyiko unakuwa mzito zaidi. Gari lililorekebishwa vizuri Mombasa au Dar es Salaam likipanda huku hutetemeka kidogo kwenye sailensa, na dawa yake huwa ni kuirudisha skrubu ya mchanganyiko ndani kidogo. Lakini mwinuko hauwezi kuleta moshi mweusi kama huo unaoueleza, kwa hiyo tusiusingizie. Anza na pampu.

Kwa faida ya wenye Aisan wanaosoma hapa: ndani ya mfuniko kuna pistoni ndogo ya nguvu, ambayo kwenye sailensa hushikiliwa juu na vakyumu ya manifoldi. Gasketi ya mfuniko ikivuja kwenye tundu la vakyumu hiyo, au pistoni ikigandamana na uchafu, inashuka na kuifungua vali iliyo chini yake, na petroli inaongezeka wakati haitakiwi. Kwa hiyo gasketi ileile moja inaweza kumnyima mtu mmoja petroli na kumzidishia mwingine, kutegemea imeziba au kuvuja wapi.

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Fundi, Mungu akubariki. Tumefungua mfuniko. Gasketi iliyokuwa imewekwa ilikuwa na ulimi mwembamba wa karatasi uliopita juu ya kitundu kimoja karibu na jeti ya sailensa, ukaacha upenyo mdogo sana pembeni. Alama ya duara ya kile kitundu ilikuwa imejichora kwenye karatasi, imelowa petroli, unaiona kwa macho kabisa. Ndani ya pakiti, kwenye karatasi ya nailoni ambayo fundi aliirudisha pamoja na vilivyobaki, ilikuwepo gasketi nyingine ambayo haina ulimi huo. Tumeiweka hiyo baada ya kupulizia njia zote kama ulivyoelekeza, na rula haikuonyesha kupinda kokote. Silikoni ilikuwepo kidogo kwenye kona moja, tumeikwangua.

Mabadiliko ni makubwa. Nimeirudisha skrubu ya kipepeo nyuma, injini inakaa kwenye 800, na nikichomoa waya wa solenoidi inazima hapo hapo. Skrubu ya mchanganyiko sasa inafanya kazi. Robo mzunguko tu unasikika. Kwenye foleni haizimi tena. Kilichobaki ni mtikisiko mdogo unaojirudia kwa mpangilio, kama pigo moja linalorukwa, na ukiweka mkono kwenye mdomo wa bomba la moshi unausikia. Je, hii nayo ni kabureta?

Fundi, Mbeya

Sidhani, mkuu. Kabureta moja inalisha silinda zote nne, kwa hiyo kosa lake kwa kawaida husambaa. Mtikisiko wenye mpangilio, pigo lilelile linalorukwa kila mara, huwa ni wa silinda moja. Injini ikiwa sailensa, chomoa waya wa plagi moja kwa wakati, ukitumia koleo lenye mpira au kitambaa kikavu kinene, na uugusishe kwenye bodi ili koili isiumie. Silinda inayofanya kazi ikizimwa, mizunguko inashuka waziwazi. Ile isiyoleta tofauti ndiyo mvivu. Kama ni mbili zilizo jirani, fikiria gasketi ya hedi.

Ukiipata, hamisha plagi yake kwenda silinda nyingine uone kama kosa linahama nayo. Likihama, ni plagi. Lisipohama, jaribu na waya. Likibaki palepale, pima tapeti, yaani nafasi kati ya vali na mkono unaoisukuma. Kwa 4K nafasi ni milimita 0.20 kwa vali ya kuingizia na 0.30 kwa ya kutolea, injini ikiwa moto. Tapeti iliyobana haipigi kelele, ndiyo maana haishukiwi. Mwenye gari anaiona injini iko kimya na kuridhika, kumbe vali haifungi kabisa. Kwenye mwendo wa kasi kosa hilo halisikiki sana kwa kuwa muda wa kuvuja ni mfupi. Kwenye sailensa linasikika kila mzunguko, na ukiliacha muda mrefu vali ya kutolea inaungua.

Mwenye kipimo cha vakyumu akichomeke kwenye manifoldi. Dar es Salaam, injini nzima husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, mshale ukiwa umetulia. Kila unapopanda mita 300 hivi usomaji hupungua kwa karibu inchi moja, kwa hiyo wenzangu wa Mbeya msishtuke mkiona 14. Mshale unaodondoka kidogo kwa mpangilio unaashiria vali ya silinda moja. Ukitulia lakini ukawa chini, angalia taimingi iliyochelewa au hewa ya wizi. Ukielea polepole kwenda na kurudi, hapo sasa ndipo unapoweza kurudi kwenye mchanganyiko.

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Ni silinda ya tatu. Tumehamisha plagi na waya, kosa likabaki palepale. Tapeti ya vali ya kutolea ya silinda hiyo ilikuwa imebana kiasi kwamba fila (bamba la kupimia nafasi) nyembamba kuliko zote haikuingia. Nyingine zilikuwa karibu na vipimo. Tumeiweka kwenye 0.30 na lile pigo limeondoka. Kioo cha ndani kimetulia. Ombi la mwisho: sasa skrubu zile mbili nizimalizie vipi?

Fundi, Mbeya

Kabla ya skrubu, thibitisha taimingi kwa taa yake, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibao chini ya boneti au kwenye kitabu cha gari. Filta ya hewa iwe imefungwa mahali pake, choki iwe wazi kabisa, taa na feni ya ndani zimezimwa, na injini iwe na joto lake la kawaida. Iweke sailensa kwenye takriban 750 kwa skrubu ya kipepeo. Zungusha skrubu ya mchanganyiko nje taratibu mpaka mizunguko isipande tena, kisha ndani mpaka ianze kushuka, na urudi pale ilipokuwa juu kabisa. Mizunguko ikiwa imepanda kupita 800, ishushe tena kwa skrubu ya kipepeo na urudie, kwa sababu kila moja inaigusa nyingine. Mwisho, izungushe ya mchanganyiko ndani kidogo mpaka mizunguko ishuke kama 50 hivi, uiache hapo. Injini ikitulia ikiwa nyepesi namna hiyo, ulaji wa mafuta uliokulalamisha mwanzo nao utapungua.

Gonga eksileta mara moja kwa nguvu na uachie. Lazima irudi sailensa bila kusita na bila kuzama. Ikizama, angalia kipira cha pampu ya eksileta na ile gololi ndogo iliyo chini yake, kwani hiyo hupotea kirahisi wakati wa kuosha. Tapeti ya silinda ya tatu ipime tena baada ya kutembea kilomita kama elfu moja. Ikiwa imebana upya, kitako cha vali kinazama, na hapo hedi itabidi ishuke.